Dhahabu Yangoja, Mzee Hangoji



Katika mji wa Shinyanga iko kata iitwayo Kambarage, na uko uwanja wa mpira wenye jina hilo hilo. Mwulize mtoto yeyote wa shule Kambarage ni nani. Atakujibu upesi kwamba ndilo jina la Mwalimu Julius Nyerere, Rais wetu wa kwanza. Mwulize tena: Mwalimu, naye ni Amiri Jeshi Mkuu, alipolitangazia taifa vita tarehe 2 Novemba 1978, ni nani wa ukoo wenu aliyeitika? Mtoto atakutazama tu. Usimlaumu. Mwulize baba yake, naye mara nyingi atakutazama vile vile.

Hilo ndilo jambo tunalotaka kulisema leo, na twalisema kwa uchungu, maana aibu hii ni yetu sote, na sisi waalimu tu wa kwanza. Twamjua aliyetoa amri, hatuwajui walioitii. Kisha kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, twasimama kimya, twatazama mkuki na ngao vikiwekwa penye mnara, twasema, "Twawashukuru mashujaa wetu." Twawashukuru akina nani? Shukrani isiyomjua mwenyewe ni kama barua isiyoandikwa anwani: hata ikiwa na maneno mazuri namna gani, haitafika.

Tazameni kwanza hasara iliyokwisha kutupata. Katika Vita Vikuu vya Pili, tangu 1939 hata 1945, vijana wa Tanganyika makumi ya maelfu waliingia jeshini, wengi wao katika King's African Rifles, ambao watu waliwaita keya. Keya walipigana Uhabeshi mwaka 1941, wakapelekwa Madagaska mwaka 1942. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye alama ya kichwa cha kifaru, ilipita bonde la Kabaw katika nchi ya Burma, katika tope na homa ya malaria, hata mwezi wa Desemba ikafika Kalewa, kando ya mto Chindwin. Mwaka huo huo, tarehe 12 Februari, meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ilipigwa na Wajapani katika Bahari ya Hindi, ikazama kwa dakika chache tu. Watu karibu 1,300 walikufa, na wengi wao walikuwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Wala si askari tu waliotumika. Vijana wengine wa Tanganyika walichukuliwa kwa nguvu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kwa kuwa mkonge wa Asia ulikuwa umeangukia mikononi mwa Wajapani.

Aliyekuwa na miaka 20 siku zile, leo angekuwa amepita miaka 100. Ni nani basi atakayetusimulia habari za bonde lile? Katika nyumba nyingine imebaki nishani ambayo hapana ajuaye ilitolewa kwa sababu gani. Katika nyumba nyingine hata hiyo haipo. Iliuzwa pamoja na masufuria mabovu kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Twajua kuwalaumu wageni, na lawama hiyo ni ya haki. Pale Dar es Salaam iko sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kwa ukumbusho wa wale waliotumika katika vita vya 1914 hata 1918. Bunduki anayo, jina hana. Wapagazi nao wameachiwa jina la soko tu, yaani Kariakoo, lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Nasi twanunua na kuuza pale bila kuwakumbuka. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa katika vita hivyo vya kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Waingereza wakaomba radhi. Vema. Wamechelewa miaka mia, lakini wameomba. Sisi je? Wazee wa Vita vya Kagera wako nasi, twapishana nao njiani, twawauzia sukari dukani, na majina yao hatuyaandiki. Tutamwomba nani radhi?

Wako watakaotujibu, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Twasema, methali hiyo ni dawa ya ugomvi, si dawa ya deni. Jirani aliyekutukana mwaka jana, msamehe na kusahau. Aliyekukopesha ng'ombe, usimwambie kwamba yaliyopita si ndwele.

Wengine watasema, "Vita vya 1914 na vya 1939 vilikuwa vya Wazungu, tusivitukuze." Naam, wala hatuvitukuzi. Kumkumbuka mtu aliyebeba mzigo si kumsifu aliyemtwika. Kama babu yako alichukuliwa kwa nguvu, andika kwamba alichukuliwa kwa nguvu. Hiyo nayo ni heshima yake, nao ni ukweli ambao hauko katika sanamu yoyote.

Wengine tena watasema, "Wazee wenyewe hawapendi kusema." Hili ndilo kubwa, na hili tulilisadiki hata sisi, mpaka siku moja tukafundishwa.

Mwaka mmoja, mwezi wa Julai, tuliwaagiza wanafunzi wetu kila mmoja alete kutoka nyumbani jina la jamaa yake aliyekwenda vitani. Wengi walirudi mikono mitupu. Mmoja alileta maneno mawili: "Babu Mjeshi." Tukamwuliza jina lake hasa. Hakulijua. Jioni tukafuatana naye hata kwao. Tulimkuta mzee ameketi chini ya mwembe, anachambua dengu. Tukamwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitika, "Marahaba, waalimu. Mmeleta fomu?" Alidhani tumetumwa kuandikisha watu wa kupewa msaada. Tulipomweleza kwamba twataka kusikia habari zake tu, alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwamba hakuna aliyepata kumwuliza ila watoto, nao huuliza neno moja: "Uliua wangapi?" Akasema, "Swali hilo silijibu."

Basi tukamwuliza alilala wapi, alikula nini, na nani alikuwa kando yake. Hapo akafunguka. Alikuwa mgambo, akaondoka asubuhi kwa lori la mfanyabiashara lililochukuliwa kwa kazi ya jeshi. Mara bibi akatoka jikoni kumsahihisha: "Si asubuhi. Uliondoka jioni, mvua inanyesha, nami nikabaki na debe la mbegu za pamba." Akatueleza jinsi alivyozipanda peke yake, mtoto mgongoni, na jinsi mumewe aliporudi mwaka 1979 walivyoanza taabu nyingine, ya kusimama foleni kwa kipande cha sabuni. Mjukuu alikuwa anasikiliza kinywa wazi. Amezaliwa katika boma lile, na hakupata kusikia neno hata moja katika hayo.

Tulipotaka kuaga, mzee alituzuia. Akatutajia mwenzake wa kijiji kile aliyekwenda naye asirudi. Alitaja jina hilo mara tatu, polepole, na kutazama kalamu yetu. "Andikeni vizuri," akasema. Tukafahamu kwamba mzee huyu alikuwa amelitunza jina lile peke yake miaka zaidi ya arobaini, akingoja mtu wa kumkabidhi.

Ndugu zetu wa Geita, ninyi mwafahamu thamani ya kilichofichika. Mgodi wa Geita ulifungwa mwaka 1966, ukakaa miaka mingi, na mwaka 2000 dhahabu ikaanza kutolewa tena pale, maana ilikuwa ingaliko, haikupungua hata chembe kwa kungoja. Mzee hangoji hivyo. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 sasa ni mzee anayekaribia miaka 70, na kila msimu wa mvua twawazika wengine. Kwa keya tulikwisha kuchelewa. Kwa watu wa Kagera hatujachelewa, ila tukitaka wenyewe.

Wala tusiingojee Serikali. Serikali inayo makaburi ya mashujaa kule Kaboya, wilaya ya Muleba, na inayo siku yake ya Julai. Lakini Serikali haiwezi kujua kwamba mvua ilikuwa inanyesha jioni ile, wala kwamba debe la mbegu lilibaki mlangoni. Hayo yamo nyumbani mwenu tu.

Basi twawasihi, wazazi na waalimu wenzetu: kabla ya tarehe 25 Julai ijayo, kila nyumba ichukue daftari na kuandika mambo matatu. La kwanza, jina kamili la aliyekwenda. La pili, alikopita na aliokuwa nao. La tatu, jina la aliyebaki nyumbani, na kazi aliyoifanya. Maana huyo naye alikwenda vitani kwa namna yake. Kila shule iyakusanye majina ya kijiji chake, iyasome siku hiyo kwa sauti mbele ya watoto, na wazee walio hai wawekwe mbele, wakisikia.

Na atakayekwenda kwa mzee, asiulize waliouawa. Aulize aliokuwa nao, kisha aandike vizuri.