Sikio likishonwa vibaya, nani alipe kushonwa tena?

Ukipita sokoni Litein, Kapkatet au Bomet utawaona wazee wachache waliosalia ambao ndewe za masikio yao zimening'inia karibu na bega. Ilikuwa mila ya Wakipsigis: sikio hutogwa mtu angali kijana, kisha tundu likapanuliwa pole pole kwa vijiti vilivyoongezwa unene. Lakini tazama kwa makini zaidi, msomaji, na utawaona wengine walio wengi ambao masikio yao yana mstari mwembamba chini. Hao walishonwa. Shule na kanisa zilipoingia, na watu wakaanza kutafuta kazi mjini, sikio lililoning'inia likageuka jambo la kuchekwa, na mwenye nalo akaenda kwa daktari kulifupisha.

Wengi walishonwa vizuri. Wengine walirudi nyumbani na kitu kingine kabisa: uvimbe mgumu, unaong'aa, mkubwa kama maharagwe au zaidi ya hapo, uliokaa palepale penye mshono.

Siku hizi anayeshonwa si mzee tu. Ni msichana ambaye hereni nzito imempasua ndewe, au kijana aliyepanua tundu kwa kufuata mtindo na sasa amejuta. Kwa hiyo tusidhani kwamba upasuaji wa urembo ni mambo ya matajiri wa Nairobi. Ni kweli kwamba habari za huko ndizo zinazotangazwa, kama mwezi wa Oktoba 2024 mwanamke alipofariki baada ya kufanyiwa upasuaji wa kupunguza mafuta mwilini, na Baraza la Madaktari nchini likaifunga kliniki iliyohusika. Lakini huku kwetu kwenye majani chai urembo unafanywa kila mwezi, katika chumba kidogo, kwa sindano ya ganzi na nyuzi chache, na hakuna anayeuita kwa jina hilo.

Kazi yenyewe ni fupi. Ndewe hupigwa ganzi, kingo za tundu hukatwa ili nyama mbichi ikutane na nyama mbichi, kisha hushonwa. Nyuzi hutolewa baada ya wiki moja au karibu mbili. Mgonjwa hulipa, hupewa risiti (akiwa na bahati) na kwenda zake. Hapo ndipo hesabu za mwenye kliniki humalizika. Za mgonjwa huenda ndiyo kwanza zimeanza.

Uvimbe ninaousema huitwa keloidi. Si saratani, na hauui. Ni kovu lisilojua kukoma: mwili unapoziba kidonda huendelea kujenga hata baada ya kidonda kufungwa, na kovu likavuka mipaka ya jeraha lenyewe. Watu weusi hupatwa nalo zaidi kuliko wengine, hasa wenye umri wa kati ya miaka 10 na 30, na hurithiwa katika familia. Ndewe ya sikio ni mojawapo ya mahali linapopapenda sana. Huwasha, huuma, na mwenye nalo huvaa kitambaa kichwani hata jua likiwa kali.

Mambo mawili kuhusu keloidi ndiyo yanayoleta ugomvi wa pesa. La kwanza, halitokei wiki ile ya kutolewa nyuzi. Huja baada ya miezi mitatu, sita, hata mwaka na zaidi. Kwa hiyo kliniki inayokuambia "ukiona shida ndani ya mwezi mmoja rudi bure" haijakuahidi kitu. La pili, likikatwa tu na kushonwa, mara nyingi hurudi, na pengine likarudi kubwa kuliko la kwanza. Matibabu yanayofaa ni ya subira: sindano za dawa ya steroidi ndani ya kovu lenyewe, kila baada ya wiki nne hadi sita, mara kadhaa, au kukatwa kukifuatiwa na sindano hizo, pamoja na hereni maalum ya kulibana, na kwa yaliyo sugu, mionzi.

Sasa tuseme ni binti wa miaka 24 anayechuma majani chai karibu na Mogogosiek. Alishonwa kwa pesa za bonasi, zile ambazo wakulima wa KTDA hulipwa mwezi wa Oktoba, na ambazo upande wetu huu wa magharibi ya Bonde la Ufa zimekuwa chini kuliko za wenzetu wa mashariki. Oktoba inayofuata ana uvimbe. Akirudi kwa aliyemshona ataambiwa, "Hiyo ni ngozi yako, mama, si kazi yangu." Madaktari bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile ni wachache nchini, na wengi wao wako Nairobi. Hesabu nauli ya kwenda na kurudi, mara tano au sita, na siku za kazi zilizopotea. Dawa yenyewe huenda ikawa ndiyo gharama ndogo kuliko zote.

Je, aitishe harambee? Watu wetu ni wakarimu. Watachangia saratani, watachangia figo. Nani atachangia sikio? Atachekwa kwanza: "Nani alikutuma ukajirembe?" Basi atauza mtamba, au atanyamaza na kujifunga kitambaa.

Na bima? Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 hazina ya zamani ya NHIF imeipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mfanyakazi wa shamba la kampuni hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Mkulima mdogo hukadiriwa mapato na kulipa si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, tena za mwaka mzima kwa pamoja. Lakini bima yoyote ile, ya umma au ya kampuni, huuliza swali moja kabla ya kufungua mkoba: haya ni matibabu au ni urembo? Na neno "urembo" likishaandikwa kwenye fomu, mlango hufungwa.

Mimi naona swali hilo linaulizwa mahali pasipofaa. Kushonwa mara ya kwanza ni hiari ya mtu, naye ailipie. Lakini keloidi inayowasha na kuuma ni ugonjwa, hata kama ilianzia kwenye hiari. Mtu aliyevunjika mguu akicheza kandanda haulizwi ni nani aliyemtuma kucheza. Daktari anayejaza fomu aandike anachokiona, yaani uvimbe, maumivu, mwasho, na bima ilipe kama inavyolipia ugonjwa mwingine wa ngozi.

Aliyeshona naye asiponyoke. Kidonda kikioza kwa sababu ya vyombo vichafu, au ndewe ikaachana kwa sababu ilishonwa ovyo, hilo ni kosa la mkono wake na gharama yote ni yake, nauli ikiwemo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa anayenunua huduma haki ya huduma ya kiwango kinachofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya fidia akipata hasara au madhara kwa sababu ya kasoro. Ukishonwa sikio umenunua huduma.

Keloidi si lazima iwe kosa la mkono. Hata bingwa humtokea. Hata hivyo, daktari ambaye hakukuuliza kama una kovu lililovimba mahali pengine, au kama mama yako analo, na hakukuambia kwamba jambo hilo huweza kutokea, amekunyima nafasi ya kukataa. Huyo, kwa maoni yangu, achangie. Aliyeuliza, akaeleza, nawe ukakubali na kutia sahihi, hana deni lako. Vivyo hivyo kama sikio limepona vizuri ila wewe ulilitaka lifanane na la mtu fulani gazetini. Hapo utajilipia mwenyewe, na sitakuonea huruma sana.

Nchi tajiri nazo zimewahi kubishana hivi. Kampuni ya Kifaransa ya Poly Implant Prothèse iligunduliwa mwaka 2010 kuwa ilijaza vifuko vya matiti kwa silikoni ya viwandani badala ya ile ya hospitali. Desemba 2011 serikali ya Ufaransa ilishauri vitolewe, ikakubali kulipia kuvitoa kwa kila mwanamke. Kuwekewa vipya ililipia wale tu waliokuwa wamevipata baada ya kutolewa titi kwa saratani. Waliotafuta urembo walibaki kujitegemea. Mwenye kampuni alihukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka 2013. Wafaransa waliligawa jambo pale nilipoligawa mimi: dhara ni la wote, urembo ni wa mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kulala kwenye kile kitanda, uliza nani atalipa usiporidhika, na jibu liandikwe kwenye karatasi pamoja na muda usiopungua mwaka mmoja. Uliza jina la anayeshona, na kama amesajiliwa na Baraza la Madaktari au lile la maafisa wa kliniki. Mabaraza haya hupokea malalamiko na huweza kumnyang'anya mtu leseni. Piga picha ya sikio kabla na baada. Weka risiti. Kesi ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka mitatu, nayo hupita upesi kwa mtu anayengojea kovu lipungue lenyewe.

Na wewe ambaye tayari umeshonwa na unahisi kiuvimbe kigumu kama punje ya mahindi, usingojee bonasi ya Oktoba. Nenda hospitali mwezi huu, kingali kidogo, maana hapo sindano chache zinaweza kutosha. Akikuambia mtu kwamba atakikata tu na kukushona siku hiyo hiyo, muulize atakupa nini baadaye ili kisirudi. Akikosa jibu, vaa kitambaa chako urudi nyumbani, utafute mwingine.