Abiria wa Makadara naye apewe fungu lake la reli

Mkazi wa Mbotela anayenunua shati la mtumba Gikomba huwa amelipia reli bila kujua. Tangu 2013, bidhaa nyingi zinazoingizwa Kenya kutoka ng'ambo hutozwa ushuru wa maendeleo ya reli. Ulianza kwa asilimia 1.5 ya thamani ya mzigo, ukapanda, ukashuka, na mwishoni mwa 2024 ukarudishwa asilimia 2. Mwagizaji hulipa bandarini, kisha gharama hiyo hushuka kutoka kwa mwenye jumla hadi kwa mchuuzi na hatimaye kwa mvaaji wa shati, hata kama hajawahi kukanyaga ndani ya behewa. Basi ana haki ya kuuliza pesa hizo zimemnunulia safari gani.

Jibu halimpendezi. Mbotela, mtaa uliopewa jina la diwani Tom Mbotela aliyeuawa 1952, ni jirani ya Makongeni, ambako nyumba zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Stesheni ya Makadara haiko mbali, nayo ni njiapanda: treni za Syokimau, Embakasi na Ruiru zote hupita hapo. Eneo la Viwanda liko ng'ambo ya reli. Ukitazama ramani, ni Wanairobi wachache walio karibu na treni kuliko watu wa mitaa hii.

Shida ni ratiba. Treni za abiria za Nairobi zimepangiwa mtu wa ofisini: asubuhi kuingia mjini, jioni kutoka. Mama mboga anayewahi soko la Marikiti kabla ya alfajiri hayumo. Mlinzi anayemaliza zamu usiku hayumo, wala fundi anayepigiwa simu ya kazi adhuhuri. Hao wote ni wateja wa matatu za Barabara ya Jogoo, ambako nauli hubadilika kulingana na mawingu, na asiye na nauli hupiga miguu.

Si kwamba hakuna lililofanyika. Novemba 2012 Rais Mwai Kibaki alifungua stesheni ya Syokimau, na abiria wakaonja treni safi yenye saa maalumu. Mwaka 2020, chini ya Uhuru Kenyatta, Shirika la Reli lilileta treni 11 za dizeli zilizokuwa zikitumika katika kisiwa cha Mallorca, Uhispania. Nazo ni mitumba, kama lile shati, lakini zilikuwa hatua. Tatizo ni kwamba treni hizo zinatembea juu ya reli nyembamba ya enzi za ukoloni, ambayo sehemu kubwa yake ina njia moja tu, hivyo treni moja hulazimika kuingoja nyingine ipite. Kuna pia vivuko ambako magari na watu hukatiza relini. Oktoba 2013, treni iligonga basi katika kivuko cha Mutindwa, hapo hapo Eastlands, na watu zaidi ya kumi wakafa.

Pesa nyingi zilielekea kwingine. Reli ya kisasa, SGR, ya Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa Mei 31, 2017, iligharimu takriban Sh327 bilioni, nyingi zikiwa mkopo wa Exim Bank ya China. Abiria waliipenda mara moja, na sasa treni yake, Madaraka Express, hubeba zaidi ya watu milioni mbili kwa mwaka. Hiyo ni hoja tosha dhidi ya wanaodai kwamba Mkenya ni mtu wa basi tu. Lakini treni hiyo inaishia Syokimau, nje ya mji, na mwendo wake wa juu ni kilomita 120 kwa saa. Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ilipanda kutoka Sh1,000 hadi Sh1,500, na sababu iliyotolewa ilikuwa bei ya mafuta.

Hapo ndipo mtu anapotazama Tanzania kwa wivu kidogo. Treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma ilianza kubeba abiria Julai 2024 na hukimbia kilomita 160 kwa saa, hivyo safari iliyokuwa ya siku nzima kwa basi huisha kwa saa tatu na ushei. Imepata misukosuko yake. Treni ilipokwama njiani kwa hitilafu ya umeme mwaka huo huo, Shirika la Reli Tanzania lilitaja ngedere na bundi kuwa chanzo, na watu wakacheka wiki nzima. Kenya haina wa kumcheka: kipande cha SGR yake kinachoendelea baada ya Nairobi kinapita karibu na Olkaria, kwenye visima vya jotoardhi vinavyozalisha umeme, huku treni zake zikivutwa na dizeli iliyoagizwa ng'ambo.

Kwa hiyo wanaodai treni za kasi wana hoja, ila mpangilio ni muhimu. Morocco ilizindua Al Boraq, ya kilomita 320 kwa saa, mwaka 2018, ikiwa tayari na reli ya kawaida inayotumiwa na mamilioni ya abiria. Kenya inaweza kuanza na umeme kwenye SGR, ili mwendo uongezeke na bei ya dizeli isiamue nauli. Sambamba na hilo, ijenge njia ya pili katika reli ya Eastlands, iondoe vivuko vya hatari na iongeze treni za mchana, usiku na Jumapili.

Wakosoaji watasema treni za mijini huleta hasara. Barabara ya Jogoo nayo haijawahi kutakiwa ilete faida. Inatunzwa kwa ushuru wa mafuta, uliopandishwa Julai 2024 kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita, na hakuna aliyedai barabara ifungwe kwa kuwa haijilipii.

Cha kufanya kiko wazi na kina muda wake. Serikali imeeleza nia ya kutumia mapato ya ushuru wa reli kama dhamana ya kupata fedha za kuifikisha SGR Kisumu na Malaba. Yakishawekwa rehani, mapato hayo yatakuwa na mwenyewe kwa miaka mingi. Kabla ya hapo, Bunge liandike katika sheria kwamba robo ya ushuru huo ni ya treni za abiria za mijini, na Shirika la Reli lichapishe kila mwaka fedha hizo zilikotumika. Wabunge ambao wapiga kura wao wanasimama Makadara, Mutindwa, Dandora, Githurai na Ruiru wakisubiri treni ni wengi vya kutosha kulidai hilo katika bajeti ijayo.