Sauti ya Marehemu



Juma lililopita nilimkuta jirani yangu barazani, amejiinamia, simu i sikioni. Alikuwa akisikiliza ujumbe wa sauti wa marehemu mamake, akimweleza namna ya kupika wali wa nazi. Mwanawe amemwambia kuwa sasa zipo programu ziwezazo kuichukua sauti ile zikaifanya ijibu maswali. Akaniuliza, "Dada, nikubali?"

Ng'ambo wako wadaio makubwa zaidi, kwamba akili ya mtu itanakiliwa katika kompyuta asife milele. Mwaka 2018 kampuni ya Nectome ya Marekani ilikuwa ikipokea amana ya dola 10,000 kutoka kwa kila atakaye ubongo wake uhifadhiwe kwa dawa, kwa matumaini ya kusomwa baadaye. Wenyewe walikiri kuwa kazi hiyo humuua mtu. Na yupo mnyoo wa milimita moja tu, mwenye seli za neva 302, ambaye ramani ya neva zake ilichapishwa mwaka 1986. Hata leo hajapatikana wa kumhuisha kikamilifu ndani ya kompyuta. Mwanadamu ana seli hizo kiasi cha bilioni 86.

Lakini tuseme wameweza. Mume amenakiliwa angali hai. Yuko kitini na yuko mashineni. Ukimfinya wa kitini, wa mashineni haumii. Basi ni wawili hao, si mmoja. Akifa wa kitini, mkewe asikae eda? Mirathi isigawanywe kwa kuwa mashine yadai mali ingali yake? Mayatima watangoja hadi lini? Ama roho yenyewe, tumekwisha kufundishwa kuwa jambo lake liko kwa Mola, nasi elimu tuliyopewa ni chache.

Nilimwambia jirani aihifadhi sauti kama ilivyo. Yaliyomo aliyasema mamake kwa kinywa chake. Yatakayotungwa na programu hakuyasema, na kumzulia maiti maneno si jambo dogo. Siku itakapomwambia, "Nimekusamehe, mwanangu," au "Bangili zangu mpe fulani," atashika lipi?

Alinyamaza kitambo, kisha akanisogezea simu nami nisikie. Kibaba cha mchele kwa nazi mbili, na tui la kwanza liwekwe kando.