Mchawi wa kwenye kompyuta na mtoto anayechelewa

Likizo ya Juni dada yangu alinipigia simu kutoka Kibondo, saa tatu usiku. Wanawe wawili walikuwa wamerudi juzi tu kutoka kwangu Kasulu, walikokaa wiki nzima. Hata salamu hakumaliza.

"Kaka, hiyo kompyuta yako inawafundisha watoto nini? Mama amemsikia mdogo akimwambia mwenzake kwamba mchawi wake bado ni dhaifu, wamlinde, akikua atawamaliza wote."

Mzazi mwenzangu, kama unaishi ukanda huu wa juu wa Kigoma, huhitaji kuelezwa kwa nini bibi yao aliacha kupepeta maharage. Huku kwetu neno mchawi si la mzaha. Limevunja koo na kuwahamisha wazee kwenye nyumba walizojenga kwa mikono yao. Kwa hiyo sikumcheka dada. Nilimwambia kesho yake nitamweleza vizuri, na leo nawaelezea na ninyi, kwa sababu mazungumzo yale yaliishia mahali ambapo sikupategemea.

Mchezo wenyewe unaitwa Baldur's Gate. Ulitengenezwa na kampuni ya BioWare ya Kanada na ukatoka mwaka 1998. Ni wa zamani, ndiyo maana unacheza hata kwenye kompyuta yangu iliyochoka, na hauli bando. Hakuna mpira wala magari. Unaongoza kundi la watu wasiozidi sita, mnatembea nchi ya kubuni, mnapigana na majambazi na mazimwi, na kila mmoja ana kazi yake. Yupo mpiganaji wa upanga. Yupo mwizi, ambaye kazi yake kubwa ni kugundua mitego na kufungua makufuli. Yupo kasisi anayetibu majeruhi. Na yupo huyo aliyemtisha bibi.

Huyo "mchawi" harogi watu usiku. Ni msomi. Nguvu zake ziko kwenye maandishi: akiokota hati, anajifunza na kuinakili kwenye kitabu chake. Kabla ya safari anakariri, akishatumia alichokariri kinamtoka kichwani, na inabidi apumzike ndipo akipate tena. Kwa kifupi, ni mwanafunzi.

Sasa tazama watengenezaji walivyowapima. Wanapoanza, mpiganaji hupata hadi pointi 10 za uhai, mwizi 6, mchawi 4 tu, ukiacha nyongeza za mwili imara. Pigo moja au mawili ya upanga, mchawi yuko chini. Na havai vazi la chuma.

Halafu kila kazi ina ngazi zake za kupanda. Ili kufika ngazi ya pili, mwizi anahitaji pointi 1,250 za uzoefu, kasisi 1,500, mpiganaji 2,000, na mchawi 2,500. Dhaifu kuliko wote, na bado ndiye anayechelewa kuliko wote. Lakini akishapanda sana, hakuna wa kumfikia.

Wapwa zangu walicheza kwa namna mbili. Mkubwa, mwenye miaka 19, alijaza kundi lake wapiganaji watupu. Siku mbili za kwanza alimwacha mdogo wake mbali sana. Kisha akaingia kwenye magofu yenye mitego, hana wa kuigundua, wala wa kumtibu aliyeumia. Mdogo, mwenye miaka 15, alichanganya. Alikuwa nyuma siku zote mbili, na usiku aliandika kwenye daftari nani amebeba nini na bei ya kila kitu kwenye kila duka.

Si michezo yote ya aina hii iko hivyo. Diablo II, ya kampuni ya Blizzard, ilitoka mwaka 2000 ikiwa na wahusika watano wa kuchagua. Humo ngazi ni zilezile kwa wote: pointi anazohitaji mtu wa shoka ndizo anazohitaji mwanamke wa moto na barafu. Sababu ni kwamba yeyote utakayemchagua anaweza kumaliza safari akiwa peke yake. Mtu wa peke yake akiwa dhaifu mno mwanzoni, mchezo umeisha. Kwenye kundi, aliye dhaifu anaweza kubebwa.

Upo na wa tatu, Final Fantasy wa Japani, wa mwaka 1987. Unachagua wanne kati ya kazi sita. Toleo lile la kwanza lilikuwa na kosa la programu: kila mhusika aliandikiwa alama za akili, lakini alama hizo hazikuongeza chochote kwenye nguvu za maneno ya mchawi. Watoto walifurahi akili ikipanda, kumbe kompyuta haikuihesabu. Niliposoma habari hiyo nilifikiria shule nyingi ninazozijua.

Hayo nilimweleza dada kwa simu kesho yake. Alicheka, akasema atamtuliza Mama. Kisha akanyamaza, na sauti yake ikabadilika. "Kaka, huyo mdogo huenda asirudi shule Julai. Baba yake amechoka."

Kijana alifeli upimaji wa kidato cha pili mwaka jana, sasa anarudia. Shemeji hununua mahindi na maharage kwa wakulima, anajaza magari ya kwenda mbali. Mkubwa alimaliza kidato cha nne, sasa anabeba magunia, anaendesha pikipiki, analeta hela nyumbani. Mdogo gunia linamshinda na darasani hafanyi vizuri. Baba yake alishasema, "Huyu hana nguvu ya shamba wala ya darasa. Akatafute kibarua akomae."

Nilipanda gari Jumamosi kwenda Kibondo. Shemeji ni mpenzi wa drafti, nikaanzia hapo. Nikamwambia kete inayotambaa pembeni bila kuangaliwa na mtu ndiyo inayofika mwisho ikawa kingi. Nikamweleza na yule mchawi wa gemu: mlinde sasa, kesho atakulinda.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Shemeji, kwenye gemu lenu imeandikwa kitabuni kwamba atakua. Huyu wangu, nani ameniandikia?"

Sikuwa na jibu. Na ninawaomba wazazi mlipokee swali lile kwa uzito, maana sisi washauri wa malezi tunapenda kusema kila mtoto anayechelewa atang'aa baadaye. Si kweli. Wengine hung'aa, wengine hawang'ai. Hata Baldur's Gate yenyewe iliwekewa ukomo wa pointi 89,000 kwa kila mhusika, na mchawi anahitaji 90,000 kufika ngazi ya nane. Safari ya kwanza inafungwa zikiwa zimebaki pointi 1,000. Anayetaka kuona mchawi wake akiwa na nguvu kamili inabidi aendelee na mchezo wa pili, uliotoka mwaka 2000. Ukimpenda mtoto kwa mkopo, kwamba atakulipa baadaye, siku ya malipo isipofika utamchukia.

Jioni ile nilimkuta mdogo kwenye kochi na nikamuuliza swali moja. "Mchawi wako akiwa ngazi ya kwanza, ana pointi nne za uhai. Kwa nini usimwache njiani umchukue mpiganaji mwingine?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini nyumba ina mlango. "Mjomba, ana neno la kuwalaza. Moja tu kwa siku. Lakini wakija maadui kumi wadogo wadogo kwa pamoja, wapiganaji wote hawawawezi. Yeye anawalaza wengi kwa mara moja. Tungekufa siku ya kwanza bila yeye."

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu kwa shemeji. Nilikuwa nauza kesho. Watengenezaji wale hawakumweka mchawi kundini kwa ahadi tu. Walimpa kitu kimoja cha leo, kidogo, kisichofanywa na mwingine. Mizani waliyoitafuta haikuwa nguvu sawa kwa wote. Walihakikisha kwamba kila mmoja ana zamu yake ya kuhitajika. Na adui akiuawa, pointi hugawanywa sawa kwa wote walio hai, hata kwa aliyesimama nyuma.

Kwa hiyo nilirudi kwa shemeji na swali jingine. Sikumuuliza tena huyu atakuwa nani. Nilimuuliza, leo ana nini ambacho hapa nyumbani hakuna anayekitumia?

Dada ndiye aliyejibu. "Anaandika. Kila kitu anaandika."

Shemeji hesabu zake zote huziweka kichwani, kama wafanyabiashara wengi tunaowajua. Alikubali, kwa shingo upande, kumpa kijana daftari la stoo kwa wiki mbili za likizo zilizobaki. Kijana alilinganisha magunia yaliyoingia na yaliyotoka na hela iliyopokelewa. Akakuta magunia matatu ya maharage yaliyoondoka kwa mkopo tangu Machi na hakuna aliyekumbuka kuyadai. Aliyeyachukua alipoulizwa alikiri, na amekwisha kulipa mawili.

Shemeji hakumsifu. Alisema tu, "Arudi shule. Jumamosi atakuwa anakuja stoo." Huku kwetu hiyo ni hotuba ndefu.

Sitawadanganya kwamba yameisha. Upimaji ni Novemba, matokeo hutoka Januari, na kijana anaweza kufeli tena. Akifeli tutakaa tena kikao. Ila hatutakaa tukijadili mtu asiye na faida.

Na mkubwa? Nusura nimsahau, na naona wazazi wengi tunamsahau. Kwenye gemu mpiganaji husimama mbele na ndiye anayepokea mapigo yote. Mchezaji mzuri humwangalia kila baada ya vita na kumtuma kasisi amtibu. Nyumbani, mtoto mwenye nguvu ndiye anayetumwa kila mahali. Hutumwa maji, gunia, hospitali na bibi, na pikipiki saa nne usiku. Kwa kuwa halalamiki tunadhani hachoki. Nilimuuliza mkubwa mara ya mwisho kupumzika ilikuwa lini. Akasema, "Kwako Kasulu, Mjomba." Dada aliinama.

Mzazi, kama mwanao anacheza michezo ya aina hii, mambo matatu.

Kwanza, angalia umri uliowekwa. Huko Marekani Baldur's Gate ulipangwa kwa watoto wa miaka 13 na kuendelea, Diablo II kwa miaka 17 na kuendelea, kwa kuwa una damu nyingi na mashetani. Imani ya nyumba yako nayo ina haki ya kusema. Ukiona haufai, zima, lakini uwe umeutazama kwanza.

Pili, kaa naye nusu saa umuulize: nani dhaifu kwenye kundi lako, na kwa nini hujamwacha? Jibu lake litakueleza habari za mtoto wako kuliko ripoti ya muhula. Kisha weka saa ya kuzima, na isimamie.

Tatu, chukua karatasi uandike majina ya watu wa nyumba yako, na mbele ya kila jina uandike kitu kimoja ambacho mtu huyo anakifanya na mwingine hakifanyi. Jina likikosa neno mbele yake, usikimbilie kumlaumu mwenye jina. Inawezekana hujamtazama. Na aliyejaza mistari mitatu peke yake, mwulize amelala saa ngapi.

Jumapili iliyopita nilimpigia Mama kumjulia hali. Nikasikia akimwita mjukuu wake kwa sauti, "Wewe, yule mchawi wako amekua?"

"Amefika ngazi ya pili, Bibi."

"Haya. Njoo unisomee kipimo cha dawa hii, maandishi yake madogo."