Acheni Kutuita Watoto

Kazi zilikuwa zimenizidi, lakini leo nimeshindwa kunyamaza.

Kuna kejeli imeota mizizi kati yetu tunaoandika programu: "Wewe nawe, umefurahi kama mtoto!" Ukionekana unahesabu siku ukingojea kitu, basi hujakomaa. Aliyekomaa ni yule anayeinua mabega na kusema, "Tutaona wakileta." Mimi nasema huo si ukomavu hata kidogo. Ni uvivu wa moyo, na unatugharimu.

Chukueni Taifa-1. Mnamo 1970, tarehe 12 Desemba, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Chombo cha Wamarekani, jukwaa la Waitaliano, chetu sisi kilikuwa jina na bahari. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Nairobi kikapata kijisetilaiti chake cha majaribio. Halafu ikaja Taifa-1, ya kwanza ya Kenya kwa kazi kamili ya kupiga picha za ardhi kutoka angani, iliyosanifiwa na Wakenya. Aprili 2023 tukatangaziwa siku ya kurushwa. Hali ya hewa ikakataa. Ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Hatimaye Jumamosi tarehe 15, saa tatu na dakika 48 asubuhi kwa saa za hapa kwetu, roketi ya Falcon 9 ikaondoka nayo kutoka Vandenberg, California.

Siku zote hizo nilikuwa kama mtoto anayengoja nguo za Krismasi. Naamka usiku natazama simu, kumbe wamesogeza tena! Hapa Eldoret wenzangu wakanicheka: eti kisanduku cha sentimita 10 kwa 10 kwa 30, kilichoomba lifti pamoja na mizigo mingine kama 50, na Wabulgaria wakasaidia kukiunda, wewe unaamkia nini?

Naamkia hicho hicho kisanduku. Kiligharimu shilingi milioni 50. Sisi tukikosea msimbo asubuhi, jioni tumesharekebisha na mteja hajui kitu. Kule juu kifaa kikigoma hakuna fundi wa kupanda na bisibisi. Miaka ya kazi inaingia katika dakika chache ambazo hakuna awezaye kuzirudia. Asiyepigwa na moyo hapo, sijui alisomea kompyuta kwa nini.

Na cha kuchekesha, hao hao wanaonicheka nilikuwa nao tarehe 12 Oktoba 2019. Siku ile Eliud Kipchoge alikimbia kule Vienna. Nayo ilikuwa Jumamosi asubuhi, nayo ilikuwa inategemea hali ya hewa, hata saa ya kuanza ilithibitishwa siku moja tu kabla. Watu walijaa katikati ya mji mbele ya skrini kubwa, wazee kwa vijana, na alipomaliza kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 watu wazima walilia hadharani. Nani aliwaita watoto? Hakuna! Basi kumbe kungojea kwa moyo wote kunaruhusiwa, mradi anayengojewa ana miguu.

Sasa nifike panaponiuma. Mwaka 2013 watoto wa darasa la kwanza nchi nzima waliahidiwa vipakatalishi. Walisubiri kweli, kama watoto wanavyosubiri. Zabuni ya kwanza ikafutwa, mabishano yakafuata, na vifaa vilipoanza kufika mwaka 2016 vilikuwa vishikwambi. Waliokuwa wamengojea tangu mwanzo walikuwa wameshapanda madarasa. (Moi, chuo kikuu chetu hapa jirani, kilikuwa miongoni mwa waliopewa kandarasi ya kuviunda, kwa hiyo hii si hadithi ya mbali kwetu.) Wakati huo wote sisi watu wazima tulikuwa tunasema nini? "Tulijua tu." Tulijua, tukacheka, tukaendelea na shughuli zetu.

Mtoto uliyemwahidi baiskeli hakuachi. Atakuuliza asubuhi, atakuuliza ukitoka kazini, atakuuliza mbele ya wageni. Huyo ndiye mkaguzi ninayemtaka kwa kila mradi wa teknolojia wa nchi hii. Anayesema "tutaona" hana haja ya kuuliza, maana hakutarajia chochote, na mwenye kuahidi anampenda sana mtu wa namna hiyo.

Nasi wa programu tusijifanye malaika. Tunabandika "Inakuja hivi karibuni" kwenye kurasa zetu bila tarehe, bila sababu, miezi kumi na minane. Waliorusha ile roketi walitoa siku na saa, wakaahirisha mbele ya watu wote, wakasema kwa nini. Kama huna tarehe ya kumpa mtu, ondoa hilo tangazo leo.

Taifa-1 ilisemwa itasaidia kilimo na usalama wa chakula. Mimi naishi kaunti ya mahindi. Nataka kuwekewa mbele yangu picha ya mashamba ya Uasin Gishu iliyopigwa na kile kisanduku, hata iwe na mawingu nusu. Nitaendelea kuiulizia, na nikiiona nitarukaruka hapo hapo ofisini, wenye kucheka wacheke.