USALAMA WA WAJENZI NA WAJIBU WA WENYE KUAMURU



Mtu atokaye Dar es Salaam kwenda Bagamoyo kwa njia ya pwani, akipita Tegeta, Boko, Bunju, Mapinga na Kerege, haendi mwendo mrefu bila ya kuona nyumba inayojengwa. Palipokuwa na minazi na mikorosho sasa pana misingi, kuta, na nondo zilizosimama juani. Mbele ya Bagamoyo imekatwa njia ya kupita Makurunge na Saadani mpaka Pangani na Tanga, na kazi ya daraja lenye urefu wa mita 525 imeanzishwa juu ya mto Pangani. Mto Wami nao, katika barabara ya kutoka Chalinze kwenda Segera, ulipata daraja jipya mwaka 2022 badala ya lile jembamba la mwaka 1959. Kazi hizi twazifurahia, maana nchi isiyojenga hukaa nyuma. Lakini leo hatutaki kunena habari za majengo. Twataka kunena habari za watu walio juu ya majengo hayo, na wale walio chini katika mashimo yake.

Yatosha kukumbuka siku mbili. Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka asubuhi, wakafa watu 36. Ikatangazwa baadaye kwamba ghorofa zake zilikuwa nyingi kuliko zile zilizoandikwa katika kibali. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo, wakafa watu wasiopungua 29, na Serikali ikaunda tume ya kuyachunguza majengo ya mahali pale. Misiba hiyo miwili ilisikiwa na watu wote. Lakini yule mmoja aangukaye kutoka jukwaani huko Kiromo, au yule mmoja afukiwaye na mchanga mtaroni huko Zinga, habari yake huishia msibani kwao. Shirika la Kazi Duniani lilipata kukadiria kwamba katika kila ajali sita za mauti kazini, moja hutokea mahali pa ujenzi, na wengi wa watu hao hufa mmoja mmoja, pasipo gazeti wala tume.

Wako wasemao, “Ajali haina kinga.” Neno hilo ni la faraja, nasi hatumkatazi mtu kumfariji mfiwa kwa neno hilo. Lakini si neno la kuandikwa katika taarifa ya kazi. Tutazame jinsi mambo yenyewe yanavyotokea. Udongo wa pwani yetu ni mchanga, nao haushikamani. Mtu achimbaye mtaro wa kimo chake bila ya kuegemeza mbao pande mbili, hasa wakati wa masika, amesimama kati ya kuta zisizo na mwashi. Mita moja ya ujazo ya mchanga ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi, wala hapana kifua cha mtu kiwezacho kuustahimili uzito huo. Tena, zege hupimwa nguvu zake baada ya siku 28, lakini mirunda iliyolitegemeza huondolewa mapema kwa sababu imeazimwa, na nyumba ya pili yaingojea. Tena, mchanga wa baharini una chumvi, na chumvi huzila nondo ndani ya zege ambako jicho halifiki. Mambo haya matatu hujulikana na kila fundi kabla hayajatokea. Basi jambo lijulikanalo tangu mwanzo laitwaje ajali isiyo na kinga?

Wala hatuwezi kusema kwamba hapana sheria. Sheria ya viwanda ilitungwa mwaka 1950, katika siku za utawala wa Waingereza, na mahali pake pakawekwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Wakala wa kusimamia mambo hayo ulianzishwa mwaka 2001, na Bodi ya Usajili wa Makandarasi iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1997. Sheria ile ya mwaka 2003 imeagiza hata wafanya kazi wenyewe wawe na wawakilishi wao wa usalama. Mlangoni pa kazi kubwa huwa pamebandikwa ubao wenye maneno USALAMA KWANZA. Basi kasoro iko wapi?

Sisi twaona kwamba kasoro iko kati ya ubao ule na kinywa cha mnyapara. Kibarua hasomi nia ya mkubwa wake katika ubao. Huisoma katika swali la kwanza la asubuhi. Mkubwa akija akauliza, “Mmefikia kozi ya ngapi?” na siku zote asiulize neno jingine, kibarua amekwisha kujua linalotakiwa. Mkubwa mwenyewe akipita chini ya jukwaa bila ya kofia ngumu, basi kofia zote zilizo stoo hazina kazi tena. Na kama jana fundi mmoja alisema kwamba ngazi imepasuka, akajibiwa kwamba yeye ni mvivu na kesho asije, basi leo ngazi ya pili ikipasuka hapana atakayesema. Watu hunyamaza, na mkubwa hudhani kwamba kunyamaza kwao ni dalili ya heri. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa hauzibwi ikiwa yule auonaye anaogopa kuutaja.

Wazo hili si letu peke yetu. Mwaka 1980 mtaalamu mmoja wa Israeli, Dov Zohar, alitangaza uchunguzi alioufanya katika viwanda 20 vya nchi ile. Aliona kwamba wafanya kazi wa mahali pamoja huwa na fikira moja ya pamoja juu ya usalama, na kwamba fikira hiyo hutokana sana na jinsi wanavyoiona nia ya wakubwa wao, kama ni ya kweli au ni ya mdomoni. Ulimwengu ulikuwa umeona mfano wake zamani. Daraja la Golden Gate, katika mji wa San Francisco huko Marekani, lilijengwa tangu mwaka 1933 mpaka mwaka 1937. Desturi ya wajenzi wa siku zile ilikuwa kuhesabu kwamba kila dola milioni moja ya kazi italeta kifo kimoja, nalo daraja liligharimu dola kama milioni 35. Mkuu wa wahandisi, Joseph Strauss, hakuikubali hesabu hiyo. Aliamuru kila mtu avae kofia ngumu, akatandaza wavu mkubwa chini ya daraja, na watu 19 walioanguka wakadakwa na wavu ule wakaishi. Ni kweli kwamba tarehe 17 Februari 1937 jukwaa zima lilianguka likaupasua wavu, wakafa watu 10. Hata hivyo waliokufa katika kazi yote walikuwa 11, wala si 35. Na katika siku zilizo karibu nasi, viwanja vya Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2012 vilijengwa London, wala hapana mjenzi hata mmoja aliyekufa pale.

Lakini mtu wa Bagamoyo hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa uongozi. Katika karne ya 19 misafara ya bara ilikuwa ikianzia na kuishia hapa. Mpagazi alikuwa akibeba mzigo wa frasila mbili au karibu yake, na mbele ya wapagazi alikwenda kirangozi. Kirangozi hakukaa nyuma akapiga kelele. Alitangulia. Wa nyuma walizifuata nyayo zake, nao waliziamini kwa sababu mguu wake ndio ulioingia kwanza mtoni. Mnyapara wa leo akaaye kivulini chini ya mwembe, akituma watu juu ya jukwaa ambalo yeye hajalipanda wala kulitikisa kwa mkono, hastahili kuitwa kiongozi.

Twajua majibu ya makandarasi. Husema kwamba kandarasi hupewa yule mwenye bei ndogo kuliko wote, na kwamba anunuaye kofia, mikanda na mbao za mitaro huongeza bei yake akashindwa. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, nasi hatulidharau. Dawa yake ni kwamba mwenye kutoa kazi aandike gharama za usalama katika fungu lake peke yake, kiasi kilicho sawa kwa washindani wote, ili mtu asipate kazi kwa kuuza shingo za vibarua. Husema tena kwamba vibarua wenyewe huvua kofia kwa sababu ya joto la pwani. Hilo nalo ni kweli. Lakini mkubwa mwenye nia huwauliza watu wake sababu, akawapa maji ya kunywa na kivuli cha kupumzikia, na kazi za juani akazianza alfajiri. Akiisha kufanya hayo, ndipo awe na haki ya kumkemea mtu.

Sasa twageukia watumishi na makarani, maana gazeti hili ni lao. Huenda wengine waseme, “Sisi ni watu wa kalamu, ya zege yatuhusu nini?” Twajibu kwamba yatuhusu kwa njia tatu.

Kwanza, kitabu cha ajali huandikwa na karani. Karani aandikaye “uzembe wa marehemu” kabla hajauliza ni nani aliyeamuru, na mbao za mtaro zilikuwa wapi, amefunga mlango wa haki kwa neno moja. Yafaa kuandika mambo kama yalivyokuwa, pamoja na ajali zile zilizotaka kutokea zikakosa. Tofali lililoanguka hatua moja kutoka kichwani pa mtu ni onyo lililotolewa bure, na onyo lisiloandikwa husahauliwa.

Pili, orodha ya majina. Sheria ya fidia kwa wafanya kazi ilitungwa mwaka 2008, na Mfuko wake ukaanza kazi mwaka 2015. Lakini kibarua aliyechukuliwa njiani asubuhi, asiyeandikwa jina katika kitabu chochote, akifa jioni mjane wake ataonyesha nini? Kumwandika mtu jina lake, kwao na siku aliyoanza kazi ni kazi ya dakika moja, nayo huenda ikawa urithi pekee wa watoto wake.

Tatu, nyumba zetu wenyewe. Watumishi wengi hujenga kidogo kidogo kwa akiba zao, Mapinga, Kerege na kwingineko. Pale hapana mkandarasi mkubwa wala mkaguzi apitaye kila siku. Pana fundi mmoja na vijana wawili wa kumsaidia, na mwenye nyumba huja mwisho wa juma. Pale mwenye nyumba ndiye mkubwa. Swali lake la kwanza ndilo litakaloweka desturi ya kiwanja kile. Akihimiza tu shimo la choo liishe leo, kijana atashuka bila ya kamba na bila ya mtu wa kumtazama. Akisema, “Ngojeni mpaka mbao zipatikane,” kazi itachelewa siku mbili, na kijana atarudi kwao.

Basi twaomba Chama kiliweke jambo hili katika mkutano wake ujao, na wanachama waliopo katika ofisi za ujenzi, ardhi na halmashauri waseme wanayoyaona. Twaomba tuafikiane maneno machache tu: kwamba hapana karatasi ya kibali wala ya malipo itakayopita mezani pasipo kusomwa kwa sababu tu mwenyewe ana haraka, kwamba kila jina litaandikwa, na kwamba kila mwanachama ajengaye nyumba yake atauliza habari za watu kabla ya kuuliza habari za kuta. Mambo haya hayahitaji fedha nyingi wala ruhusa ya mtu. Yahitaji wenye kuamuru wawe wa kwanza kuyatenda.