Tulipokea trekta, tukasahau swali

Mwenzenu nilibanwa na kazi, ila leo nina jambo limenikaa kooni, nalo ni chapati.

Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, bei ya ngano ilipanda duniani. Mama ninayekunywa chai kwake asubuhi hakupandisha bei, alipunguza chapati. Nilipolalamika akaniambia, "Mwanangu, unga unatoka mbali." Nikacheka, lakini neno lile halikunitoka. Sehemu kubwa ya ngano tunayokula Tanzania inatoka nje, na nyingi ni ya nchi za baridi. Kwa nini wao waweze, sisi tuhangaike?

Jibu jepesi ni kwamba wenzetu wana mashine. Mimi nasema hapana, halikuanzia hapo.

Chukueni mfano wa Kanada. Adui mkubwa wa wakulima wa mwanzo kule Saskatchewan alikuwa sakitu, ile ile inayounguza mimea kule Makete, ila ya kwao ni kali zaidi. Ngano hupandwa mwezi wa tano na inatakiwa ikomae kabla baridi haijarudi. Mbegu waliyoitegemea, Red Fife, ilitoa unga mzuri lakini ilichelewa. Sakitu ikiwahi kuja, inaikuta mbichi shambani. Jasho la mwaka mzima, basi tena.

Kilichowakomboa ni mbegu. Mtafiti wa serikali, Charles Saunders, alichambua uzao wa Red Fife na ngano ya kutoka India iliyowahi kukomaa. Jamaa alikuwa akitafuna punje mdomoni ili ajue unga wake utavutika vipi! Mbegu aliyoipata, Marquis, ikaanza kugawiwa wakulima mwaka 1909. Iliiwahi Red Fife kwa takriban wiki moja. Wiki moja tu, na ndiyo iliyoamua nani avune na nani alie.

Yaani walianza na swali: ardhi hii na hali ya hewa hii vinataka nini?

Sasa turudi nyumbani. Kuanzia miaka ya 1970, Kanada hiyo hiyo ilitusaidia kufungua mashamba makubwa ya ngano Hanang, chini ya shirika la umma, NAFCO. Yalifika zaidi ya ekari 70,000, na matrekta na mashine za kuvunia zikaja. Tuwe wakweli: ngano ilivunwa, na utafiti wa mbegu ulifanyika. Lakini ardhi ile ilikuwa malisho ya Wabarbaig, na ndani yake kulikuwa na makaburi ya wazee wao. Baadhi yao walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki, mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile.

Jamani, mfugaji anayehamisha ng'ombe kufuata majira anaijua ardhi yake kama Saunders alivyozijua punje zake. Mtu huyo ndiye tulimwona kikwazo. Kwangu mimi, hapo ndipo tulipokosea: tulichukua mashine za Wakanada, tukaacha lile swali lao.

Nakiri kosa langu pia. Nimewahi kuandika habari ya uzinduzi wa shamba kubwa, nikataja ekari, nikataja matrekta, nikamnukuu mgeni rasmi. Sikuuliza nani alikuwa akilisha mifugo pale kabla. Habari ilitoka na jina langu juu yake, na hadi leo nikiisoma naona aibu.

Siku hizi tunahimizwa tena kujitosheleza kwa ngano. Naunga mkono, maana vita ya mbali isiwe ndiyo inayopanga ukubwa wa chapati yangu. Ila safari ijayo nitakwenda na maswali matatu: mbegu gani, kwa mvua ipi, na ardhi ya nani? Asiyekuwa na majibu, asinihesabie matrekta.

Naomba kutoa hoja.